Msiisujudie Rangi

Ndugu zangu wa Chiwata, wana wa Masasi na ninyi wa huko juu Newala, nisikilizeni! Mvua za Desemba zinakaribia, malipo ya korosho yanaingia, na wauzaji wa matrekta nao wamenusa. Wanakuja na mashine zinazong'aa. Nasi tunazizunguka, tunapapasa madigadi, tunapiga picha, mwisho tunatia sahihi. Nani kati yetu ameuliza pampu ya dizeli ikifa, spea itatoka wapi?

Nachingwea si mbali. Wazee wetu waliyaona haya kwa macho yao. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mradi wa karanga Tanganyika, huko Kongwa, Urambo na hapo Nachingwea, ikitaka kulima zaidi ya ekari milioni 3. Vita vilikuwa vimekwisha juzi tu, matrekta mapya hayapatikani. Wakanunua masalia ya jeshi, mengine kutoka Ufilipino. Hata vifaru vya Sherman viligeuzwa matrekta! Mizizi ya Kongwa ikayavunja, mafundi hawakutosha, spea zikasubiriwa. Mwaka 1951 mradi ukafutwa kwa hasara ya pauni milioni 36. Bandari ya Mtwara tulibaki nayo, hilo nakiri. Reli yake iling'olewa.

Msicheke. Wale walipoteza fedha za dola kubwa, sisi tuna korosho tu. Na juzi juzi, pale Kibaha, yaliunganishwa matrekta ya Ursus ya Poland. Mwaka 2021 kampuni hiyo ikafilisika huko kwao. Aliyeunda chuma hayupo, chuma chake kipo shambani kinadai filta.

Basi tubuni! Tena mwenye dhambi si muuzaji peke yake. Nenda kwenye trekta lililolala, fungua bakuli la chujio la hewa: oili imekuwa tope. Vumbi letu lilipita hapo hadi kwenye silinda, ringi zikalika, moshi ukaanza. Dereva aliuona. Mwenye trekta naye aliuona, akanyamaza, maana alikuwa akiwalimia watu kwa malipo na hela zilikuwa zinaingia. Lilitoka ng'ambo likiwa bovu? Huenda. Lakini hili tumeliua wenyewe, kwa uchoyo wa lita chache za oili!

Bwana alimtaja mjenzi wa mnara asiyekaa kwanza kupiga hesabu. Kaeni, enyi watu! Kwenye mkutano wa chama cha msingi, kabla mikono haijanyooshwa kupitisha mkopo, simama mama, simama kijana, uulize. Fundi ni nani, anakaa wapi? Dhamana ni ya saa ngapi za injini? Trekta la aina hii limelima wapi katika Masasi hii misimu mitatu mfululizo, twende tukamwone mwenyewe? Na muuzaji akijibu kwamba spea zimejaa Dar es Salaam, mwambie apige simu dukani papo hapo, mbele ya mkutano, sauti isikike, aulize bei ya pampu.