Saksafoni Katika Nyumba ya Bwana: Solo na Kusindikiza

Masomo: 1 Nyakati 25:1-8, 1 Wakorintho 14:26-33

 

Wazee wa kanisa wametuomba tuseme neno juu ya saksafoni ya kijana wetu, maana habari hii imezungumzwa kwenye bomba la maji kuliko mahubiri yetu ya mwezi mzima. Wengine wanataka chombo kiondolewe kabisa. Wengine wanasema kijana akizuiwa, nao watahama pamoja naye. Basi tulitazame jambo hili mbele ya Neno.

Kwanza wanaosema ni chombo cha baa. Wazo hilo tunajua lilikotoka. Wazee wetu waliisikia saksafoni redioni kutoka Kinshasa, zama za Verckys, yaani Kiamuangana Mateta, aliyepiga katika OK Jazz ya Franco kuanzia 1963 hadi 1969. Ni kweli hayo hayakuwa mapambio. Lakini chombo chenyewe kilibuniwa na Mbelgiji Adolphe Sax, akapata hati yake mjini Paris mwaka 1846, kikitumika katika bendi za jeshi na orkestra. Na Biblia inarudi nyuma zaidi. Mwanzo 4:21 inamtaja Yubali kuwa baba wa wapiga kinubi na filimbi, naye ni wa uzao wa Kaini. Hata hivyo vinubi viliingia hekaluni. Shaba haina dhambi, ndugu zangu.

Shida yetu iko mahali pengine, na wengi mnaijua. Jumapili ile mama mmoja wa kwaya aliimba wimbo alioutunga mwenyewe, juu ya watoto wake waliobaki ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Ni beti nne. Katika ubeti wa tatu anawataja watoto kwa majina, mmoja mmoja. Sasa, saksafoni haihitaji maikrofoni katika banda letu la turubai. Pumzi za kijana mmoja zatosha kuimeza kwaya ya watu kumi. Siku ile ilijaza kila nafasi, hata majina yale hatukuyasikia. Mama akamaliza, akaketi, akajifunika uso kwa kitenge.

Tulimwita kijana, tukamwuliza kwa upole. Akatujibu: "Pasta, kwenye mgao mimi ni namba ya kadi. Kwenye mahojiano mimi ni namba ya faili. Hapa tu ndipo watu wananisikia."

Wapendwa, msiliite jibu hilo kiburi. Nani kati yetu hajasimama kwenye foleni akingoja namba yake iitwe? Kwa hiyo hatutaifuta solo. Katika 1 Nyakati 25 waimbaji waliofunzwa, wa nyumba za Asafu, Hemani na Yeduthuni, ni watu 288. Wakapigiwa kura, mdogo sawa na mkubwa, mwalimu sawa na mwanafunzi, zikapatikana zamu 24 za watu kumi na wawili. Na mwenye zamu ameandikwa kwa jina lake. Ukiusoma mlango ule haraka unachosha. Usome polepole, uone jinsi Mungu anavyojali majina.

Lakini zamu ina mwisho. Mtume Paulo anawaambia Wakorintho kwamba mtu akiwa anasema, na mwenzake aliyeketi akafunuliwa neno, yule wa kwanza anyamaze. Hasemi kwamba wa kwanza alikosea. Ananyamaza kwa sababu mwingine amepewa. Tena katika 2 Nyakati 5 walikuwapo makuhani 120 wenye tarumbeta. Fikirini, tarumbeta 120! Zingeweza kumfunika kila mwimbaji, lakini imeandikwa kwamba wapigaji na waimbaji walisikika kama sauti moja.

Inawezekanaje? Kwa kusindikiza. Mwimbaji akiwa katikati ya mstari, saksafoni inatulia kifuani, au inashika noti moja ndefu chini ya sauti yake. Anapovuta pumzi mwisho wa mstari, ndipo inamjibu, noti tatu au nne, kisha inaondoka kabla hajaanza tena. Mpiga gitaa anaweza kupiga saa nzima asikumbuke pumzi. Wa saksafoni hawezi. Kifua chake kinaisha kama cha mwimbaji. Ndiyo maana, katika bendi nzima, yeye ndiye anayepaswa kujua mama amechoka wapi.

Na solo ikifika, baada ya ubeti au kwenye sebene, gitaa na ngoma nao washuke, wamsindikize yeye. Gitaa la solo lisikie hili pia. Halikutajwa kwenye malalamiko, lakini linajijua.

Kuna na ugomvi mdogo wa mazoezini. Mpiga gitaa anasema kijana anataja noti zisizo zake. Sivyo. Saksafoni ya alto imeundwa hivyo: gitaa likipiga Sol, yeye kwenye chombo chake anaiita Mi, na sauti ni ileile. Sisi tuliotoka Fizi, Uvira na Mwenga, kila mmoja na lugha ya mama yake, hilo lisitushangaze sana.

Tumekaa na wazee, pamoja na mama na kijana wenyewe, tukapatana. Mama ataimba tena Jumapili ya Meza ya Bwana. Katika ubeti wa tatu bendi yote itakaa kimya, isipokuwa gitaa moja polepole, mpaka jina la mwisho litajwe. Baada ya jina hilo, mama mwenyewe ameomba saksafoni ijibu kabla hajaendelea na ubeti wa nne, na hatukumwekea kijana mipaka ya muda. Waliokuwa wakipanga kuhama tunawasihi waje siku hiyo wasikie.

Mazoezi ni Jumamosi, mara tu mgao ukimalizika. Mwenye ndugu Kigoma mjini au Dar es Salaam atusaidie kuulizia ule mwanzi mwembamba unaofungwa mdomoni mwa saksafoni ya alto, namba mbili. Alio nao kijana umepasuka ncha.

Mungu awabariki.
Mchungaji wenu