Macho Hayana Pazia, Kamera Je?

Wahenga walisema macho hayana pazia. Kitu kikipita mbele ya mtu ataona tu, wala halaumiwi kwa kuona. Methali hiyo ina huruma kwa mtazamaji, lakini inahusu jicho, ambalo huona na kusahau. Kamera huona, ikahifadhi, ikasafirisha. Je, ruhusa ya kuona ni ruhusa ya kupiga picha?

Swali hili limewaelemea wenyeji asilia wa Australia kwa zaidi ya karne moja. Katika miaka ya 1870, J. W. Lindt aliwapiga picha wenyeji wa bonde la mto Clarence ndani ya studio, mbele ya mandhari ya kuchorwa. Watu ambao nchi yao ilikuwa nje ya mlango walipewa nchi ya rangi. Mwaka 1899, Baldwin Spencer na Francis Gillen walichapisha kitabu kuhusu makabila ya Australia ya Kati, chenye picha za ibada za Waarrernte. Wazee waliwakubali wawili hao uwanjani. Hawakumkubali kila mnunuzi wa kitabu. Mengine yaliyomo, kwa sheria yao, hayakupaswa kuonwa na asiyepitia jando.

Kosa, basi, halikuwa katika kuona, bali katika kukihamisha kilichoonwa: kukitoa mahali pake na kwa watu wake. Huko Uluru, Waanangu huwaomba wageni wasipige picha baadhi ya sehemu za mwamba. Kwao, maumbile ya jiwe pale ni sawa na maandiko matakatifu, ya kutazamwa palepale yalipo. Anayedai kwamba amepiga picha ya mandhari tu amekwisha kuamua, kwa niaba ya wenyewe, kwamba jiwe halisemi kitu.

Hata hivyo, picha zilizopigwa bila adabu leo ni hazina kwa wajukuu wanaotafuta nyuso za mababu zao. Kuziteketeza kungekuwa kuwanyang'anya mara ya pili. Tena, katika jamii nyingi za wenyeji hao, sura ya marehemu husitiriwa wakati wa matanga. Picha iliyo mwiko leo yaweza kuwa faraja kesho. Kwa hiyo uhalali haumo ndani ya picha yenyewe. Umo katika kujua ni nani anayeamua ionwe na nani, na lini.

Michael Riley, msanii wa Kiwiradjuri na Kikamilaroi aliyefariki mwaka 2004, alionyesha njia nyingine. Katika mfululizo wake uitwao cloud, wa mwaka 2000, ng'ombe, unyoya na Biblia vinaelea angani. Hakuna siri iliyofichuliwa. Lakini anayejua habari za ardhi iliyogeuzwa malisho, na za watu waliowekwa chini ya misheni, atauhisi uzito wa vitu hivyo vinavyoelea.

Macho na yabaki bila pazia. Mwenye kamera anapaswa kuuliza pazia la nyumba ile limo mikononi mwa nani, na kukubali kwamba jibu laweza kuwa arudi bila picha.