Danieli Hakuwa Peke Yake Mezani

Somo: Danieli 1:8–16

Ujumbe huu niliutoa Kitale asubuhi, nikaurudia Bungoma katika ibada ya jioni, na wengi mmeomba uandikwe. Haya, fungua Biblia.

Tukihubiri Danieli tunakimbilia tundu la simba. Leo tubaki jikoni. Kijana ametolewa kwao, yuko Babeli, na kila siku analetewa chakula cha mfalme. Anakataa. Lakini angalia anavyoongea na msimamizi: anaomba kwa niaba ya wanne. Hanania, Mishaeli na Azaria wako naye. Halafu anataja muda, siku kumi, na anakubali nyuso zao zikaguliwe mwishoni. Sisi wengi tuna nia tu. Januari unasema moyoni, "Nimeacha sukari." Katikati ya mwezi uko kwa mandazi, na hakuna hata mmoja aliyejua kwamba ulikuwa umeacha!

Biblia ya Union inasema waliomba mtama. Tafsiri nyingine zinasema mboga. Mimi nimeupenda huo mtama. Wazee wa Bungoma wanaijua busuma ya mtama na wimbi. Watu wa Kitale mnisamehe, najua mahindi ndiyo karo ya shule.

Sasa tuongee ukweli. Utafiti wa kitaifa wa 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima 1 kati ya 4 hapa Kenya ana presha ya juu, na zaidi ya nusu ya watu wazima walikuwa hawajawahi kupimwa hata mara moja. Presha haipigi kelele. Unaweza kuimba nayo kwaya miaka mingi. Tumezika watu waliokuwa wakiimba.

Na Mungu ametuweka sehemu ya nchi ambayo watu wanajua chama. AMPATH, ule ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na hospitali ya rufaa ya Eldoret pamoja na vyuo vya ng'ambo, waliliona hilo. Huku magharibi waliwaweka wagonjwa wa presha na sukari katika vikundi: mnakutana, mhudumu wa afya anawapima na kuwafundisha, na vikundi vingine vinaweka akiba na kukopeshana papo hapo. Matokeo yalichapishwa 2021. Presha ilishuka kwa wote, hata waliokwenda kliniki kwa njia ya kawaida, ila kwa wastani ilishuka zaidi kwa wale waliokutana kwa matibabu na akiba pamoja. Tofauti haikuwa kubwa, sitawatilia chumvi (na chumvi yenyewe tupunguze, isizidi kijiko kimoja cha chai kwa mtu kwa siku). Lakini mimi naelewa kwa nini walioweka akiba walifanya vizuri. Mtu akikosa nauli ya kliniki, mahubiri juu ya mboga hayamfikishi. Mhubiri 4:9-10 inasema habari ya mtu kuanguka na mwenzake kumwinua. Wakati mwingine kuinuliwa ni shilingi mia mbili ya boda.

Simu nayo isaidie. Tangu 2023 wahudumu wa afya wa mitaani, wale tunaowaita CHP, wamepewa simu na mkoba wenye mashine ya presha. Seli zetu nazo zina vikundi vya WhatsApp. Akina mama wa seli moja upande wa Kiminini walianza vizuri: kila jioni unaandika "nimetembea" na jina lako, basi. Halafu mtu akapiga picha mashine ikionyesha presha ya dada mmoja, akaituma kwa kikundi na maneno "tumwombee". Dada akatoka kwa kikundi. Jumapili mbili hakuonekana kanisani. Wapendwa, hiyo si maombi. Andika ulichofanya wewe. Namba za mwenzako ni zake na mhudumu wake. Wagalatia 6:2 inatutuma kubeba mzigo wa mwenzetu, haitutumi kuuanika.

Na hili nalisema polepole, hata kama kuna mhubiri atakayekasirika. Mtu asikwambie kwamba kutupa dawa ndiyo imani. Luka aliyetuandikia Injili alikuwa tabibu, na Paulo katika Wakolosai 4:14 anamtaja kwa upendo, haoni aibu juu ya kazi yake. Tutakuombea, tutaweka mikono, na dawa utameza. Daktari akipima na kuona huzihitaji tena, yeye ndiye atakayeziondoa, nasi tutashangilia naye. Wewe unayetumia sindano au vidonge vya sukari, usianze mfungo wowote, hata ule wa Danieli, kabla hujaongea na kliniki. Sukari ikishuka ghafla usiku wa kesha, unaweza kuzimia tukadhani umeshukiwa na Roho.

Kwa hivyo kila seli ihesabu siku kumi kuanzia Jumatatu. Chagueni kitu kimoja: kutembea nusu saa, au kuacha soda. Viongozi wa seli waongee na CHP wa mtaa, mpimwe siku ya kwanza na ya mwisho, kila mtu kando. Idara ya akina mama, chai ya baada ya ibada ipikwe bila sukari. Sukari iwekwe mezani, kila mtu ajipimie. Wazee wa kanisa tutatangulia kunywa.