Inchama na Kadi

Wakurya wa Gorong'a na Tarime nzima wana mabaraza mawili ya zamani. Inchama ni wazee wachache wenye siri za mila; anayeingia humo wanamjua wenyewe. Iritongo ni mkutano wa hadhara: wanaume hukaa, mwenye neno hulisema, na likishakubaliwa huwabana wote.

Sikio la Mkurya likisikia "chama" halishindwi kuikumbuka inchama. Lakini ni vitu viwili. Inchama hukuchagua. Chama unakichagua mwenyewe, unalipa ada, unapewa kadi, na ukichoka unairudisha. Hiari hiyo ndiyo iliyoisumbua dola ya Uingereza, iliyotawala mataifa mengi na kupenda kila moja likae kwenye mkeka wake. Wakurya hawa walikwisha kukatwa pande mbili kwa mstari wa Wajerumani na Waingereza wa 1886. Hata Mwingereza alipozitwaa pande zote mbili, mpaka aliuacha palepale.

African Association ilizaliwa Dar es Salaam 1929, ya makarani na walimu zaidi kuliko wakulima. Kutoka kwake ikaja Tanganyika African Association (TAA), kisha TANU, tarehe 7 Julai 1954. Mwaka huohuo sheria ikataka kila jumuiya isajiliwe, na matawi ya TANU ya Usukumani yakanyimwa usajili hadi 1958. Watu wakabaki na ushirika wa pamba, na humo hayakuzungumzwa ya pamba tu.

Mmoja wa viongozi wa TANU kule Mwanza, Usukumani, alikuwa Bhoke Munanka, Mkurya. Hapo huwa nasimama kidogo. Katika baraza la ukoo wa Kisukuma asingekuwa na pa kukaa; ndani ya chama alikuwa mwenzao, na hakuna aliyemuuliza alitahiriwa na rika gani.

Mwaka 1958 dola ilijaribu kuurudisha mkeka kwa kura tatu: kila mpiga kura amchague Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. TANU ilibishana sana kwenye mkutano wake wa Tabora, ikakubali kushiriki kwa shingo upande, ikaunga mkono wagombea wa makundi yote matatu na kushinda.

Baada ya uhuru tukajifungia mlango wenyewe. Kuanzia 1965 chama kikawa kimoja kisheria, na ukiirudisha kadi huna pa kuchukua nyingine. Najua hoja ya umoja, na haikuwa ya kipuuzi. Lakini chama kisicho na mlango wa pili kimeshaanza kunukia uinchama. Mlango ulifunguliwa 1992. Mwaka 2005 Tarime ikamchagua Chacha Wangwe wa CHADEMA. Alipofariki Julai 2008, uchaguzi mdogo wa Oktoba ukakirudishia chama hichohicho kiti. Wengine waliuita ukaidi wa Wakurya. Mimi naona ni watu waliozoea kuulizana hadharani.

Tusiipambe iritongo kupita kiasi, maana mama zetu hawakusema mle. Mkutano mkuu wa kijiji wa leo ni wa kila mkazi mwenye miaka 18 au zaidi, mke kwa mume, na unatakiwa ukae kila miezi mitatu. Kabla hatujaanza tena kubishana chama kipi ni bora, ndugu msomaji, muulize mwenyekiti wa kijiji chako mkutano huo ulikaa lini mara ya mwisho, na uombe kuona muhtasari.