Baada ya Bahasha Kufungwa

Jumanne, saa tano ilipogonga, vijana wa kidato cha nne walitoka kwenye mtihani wa Baiolojia wakavuka barabara wakaja kukaa kwenye ukuta mfupi wa kanisa, chini ya mjakaranda. Huja hapo kila Novemba, wakati maua ya mti ule yameshaanguka na kufunika njia. Mimi nilikuwa barazani napanga ratiba ya Majilio.

"Shikamoo mchungaji."

"Marahaba wanangu."

Wakanisahau papo hapo. Pepa ilikuwa bado inawaka vichwani mwao.

Kilichowagombanisha ni makundi ya damu. Baba ana kundi AB, mama ana kundi O: watoto wao wanaweza kuzaliwa na makundi gani? Watano walikuwa wameandika kwamba O imo, tena walijiamini, kwa hoja kwamba mama mwenyewe ni O. Kijana mmoja mwembamba akasema yeye ameandika A na B tu. Wakamcheka. Nilimwona anameza mate na kutazama chini, na kwa dakika nzima nadhani hata yeye aliamini amekosea, maana watano ni watano. Kisha akaokota kijiti, akachora mraba kwenye vumbi na kuugawa sehemu nne. Mama, akasema, hana kingine cha kumpa mtoto ila O. Baba atatoa A au atatoa B, hawezi kumpa mtoto mmoja vyote viwili, na O hana. Basi kila mtoto atapata O ya mama na juu yake A au B ya baba, na hiyo ya baba ndiyo itakayoonekana.

Wakanyamaza. Nikiri kwamba nami nilielewa siku hiyo, mwaka wangu wa hamsini na tatu. Walikuwa wamejibu kwa Kiingereza ndani ya chumba kile, wakabishana kwa Kiswahili pale nje, na nilijiuliza ni wangapi kati yao wangelijibu vizuri kama karatasi ingewauliza kwa lugha ile waliyokuwa wakichorea vumbini.

Lakini kilichonikaa moyoni ni kilichofuata. Yule mwembamba alinyooka mgongo, uso ukang'aa. Wale watano wakafifia. Ahueni yake ilipatikana kwao, na dakika chache tu kabla, ahueni yao ilikuwa imepatikana kwake. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Ndivyo kulinganisha kulivyo: mmoja hapumui mpaka mwingine akabwe. Na karatasi zenyewe wakati huo zilikuwa zimeshafungwa kwenye bahasha, zimeandikwa namba ya mtahiniwa bila jina, zikisubiri kusahihishwa na watu ambao hawatawahi kuwaona vijana hawa. Pale ukutani hakuna jibu hata moja lililoweza kubadilika.

Msichana mmoja aliuliza swali lile lilikuwa na alama ngapi. Akahesabu kwa vidole, akaanza upya, kisha akachukua mkoba wake, akasema anawahi nyumbani.

Juma hili nimerudi kwenye Yohana sura ya 21. Petro yuko ufukoni mwa bahari ya Tiberia, karibu na moto wa makaa. Moto wa makaa ndio aliokuwa akiota usiku ule alipomkana Bwana wake mara tatu. Sasa ameulizwa mara tatu kama anampenda, naye amejibu kwa uchungu. Ametoka tu kwenye swali zito kuliko yote ya maisha yake, na jambo la kwanza analofanya ni kugeuka, kumwona mwanafunzi mwingine anakuja nyuma, na kuuliza habari zake. Yesu anamjibu kwamba hilo halimhusu, yeye amfuate. Kwa miaka mingi nilihubiri jibu hilo kama karipio. Siku hizi nalisikia kama mkono juu ya bega la mtu anayetetemeka. Petro hakuwa mmbeya. Alikuwa na hofu, na mwenye hofu hutafuta wa kujipima naye.

Wengi wenu mnakumbuka matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012, yaliyotangazwa Februari 2013. Zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata sifuri. Nilipita nyumba kadhaa za usharika wakati ule. Nyingine redio ilikuwa imezimwa kama kwenye msiba. Miezi michache baadaye serikali ikayafuta matokeo yale, alama zikapangwa upya, na wapo waliopanda daraja kwa karatasi ileile, bila kuongezwa nukta moja. Wazazi waliokwisha kuwaambia watoto wao maneno makali hawakuwa na namna ya kuyafuta maneno hayo. Ndugu zangu, hilo naomba mlichukue kwa uzito. Mtoto akiingia mlangoni wiki hizi, asikutane kwanza na swali la mtihani umekuwaje. Mpeni maji. Mpeni chakula. Mwacheni alale.

Sikatazi vijana kukaa ukutani. Kijiti kile kilifundisha kuliko mahubiri yangu mengi. Ninachoomba ni kwamba anapoondoka mmoja kimyakimya, mwingine ainuke amfuate.

Mimi mwenyewe sikuinuka siku ile. Nilimaliza ratiba yangu kwanza, na hilo limenisumbua. Nilikwenda nyumbani kwa yule msichana jioni ya kesho yake. Nikamkuta ameketi jikoni na ungo mapajani, anachambua maharage, mama yake akikoleza moto. Nilikaa kwenye kigoda, tukazungumza habari za mvua za vuli na mbuzi wao aliyezaa mapacha. Sikuuliza kitu. Baada ya muda akasema mwenyewe, bila kuinua macho:

"Mchungaji, mimi niliandika O."

"Nilikuona ulivyoondoka," nikasema. "Nisamehe sikukufuata."

Akapembua maharage kidogo. Kisha akachagua jekundu moja, la madoadoa moja, na meupe mawili, akayapanga sakafuni mbele ya miguu yangu. Jekundu ni A ya baba, akasema, la madoa ni B yake, na haya meupe yote ni O za mama. Akaanza kuyaoanisha, jekundu na jeupe, la madoa na jeupe, polepole, mara mbili, mpaka mama yake akaacha moto akaja kutazama.

"Kwa hiyo meupe mawili hayawezi kukutana?" mama akauliza.

"Hayawezi, mama. Baba hana jeupe."

Akayaokota yote manne, akayarudisha kwenye ungo, akaniuliza kama nitakula nao.