Msihesabu Farasi wa Jirani

Fungueni Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 10, mkaanzie mwishoni, pale ambapo sisi wahubiri huwa tumeshachoka. Malkia wa Sheba tumeshamhubiri, dhahabu na manukato tumeyasifu, kiti cha pembe za ndovu tumekieleza mpaka miguu yake. Tunafunga kitabu na kupitisha kapu la sadaka. Leo someni hadi mstari wa mwisho. Mtakuta orodha ya bei. Gari la vita kutoka Misri, shekeli 600 za fedha. Farasi mmoja, 150. Kisha mwandishi anadokeza, kama mtu anayepita njia, kwamba wafanyabiashara wa mfalme walikuwa wakiwapelekea bidhaa hiyo hiyo wafalme wa Wahiti na wafalme wa Shamu.

Sulemani, yule mwenye hekima, alikuwa dalali wa silaha!

Wala hakukosa kuonywa. Kumbukumbu la Torati, sura ya 17, lilikwisha kumkataza mfalme wa Israeli kujiongezea farasi na kuwarudisha watu Misri kwenda kuwatafuta. Akajiongezea. Magari 1,400, wapanda farasi 12,000. Naweza kuwaona wazee wamekaa langoni pa Yerusalemu jioni, wakilinganisha: Misri wana mangapi, Shamu wana mangapi, sisi ni wa ngapi? Na mioyo yao ikanenepa.

Sasa fuateni magari yale yalikoishia. Sulemani alipolala na baba zake, watu walimwendea mwanawe Rehoboamu wakimlilia awapunguzie kongwa la baba yake. Yeye akaahidi kuliongeza. Makabila kumi yakaondoka siku hiyo, na hakuna gari hata moja lililoweza kuyarudisha. Mwaka wa tano wa Rehoboamu akapanda Shishaki, mfalme wa Misri, nchi ileile iliyotuuzia farasi, akiwa na magari 1,200. Kwenye makaratasi ya Sulemani tulikuwa mbele kwa magari 200! Shishaki akabeba hazina za hekalu na ngao zote za dhahabu. Rehoboamu akafanya nini? Akatengeneza ngao za shaba. Kila alipokwenda nyumbani mwa Bwana, askari walizibeba mbele yake, kisha wakazirudisha chumba cha walinzi. Gwaride liliendelea kama kawaida, watu wakapiga vigelegele, na kila aliyesimama karibu aliona kuwa ile ni shaba.

Na Shamu? Vizazi vichache baadaye, Ahabu mfalme wa Israeli alikuwa ndani ya gari lake Ramoth-Gileadi, amejibadilisha mavazi asitambulike, maakida 32 wa magari ya Shamu wakimsaka yeye tu. Askari mmoja akavuta upinde pasipo kujua anampiga nani. Mshale ukapenya penye maungio ya deraya. Damu ikatiririka mpaka sakafu ya gari. Ndugu zangu, ni nani aliyewazoesha Shamu magari ya Misri?

Msiniambie hayo ni ya kale. Wafalme wa Ethiopia walijitangaza kwa karne nyingi kuwa uzao wa Sulemani na Malkia wa Sheba. Katiba ya Haile Selassie ya mwaka 1955 iliandika ukoo huo waziwazi. Ufalme umekwisha. Farasi wamebaki.

Tarehe 6 Mei 1998 bunduki zililia Badme, kijimji cha vumbi mpakani mwa Ethiopia na Eritrea. Hizi ni nchi ambazo wapiganaji wao walikuwa wamesaidiana miaka michache tu nyuma kumwangusha Mengistu, mtawala wa Ethiopia. Tarehe 5 Juni ndege za Ethiopia zikapiga uwanja wa ndege wa Asmara, na siku hiyohiyo ndege za Eritrea zikadondosha mabomu Mekelle, kwenye shule ya Ayder. Watu wakakimbilia kuwatoa watoto. Ndege ikarudi, na mabomu ya pili yakawaangukia waliokuja kuokoa.

Hapo ndipo kila upande ungepaswa kuvaa gunia na majivu. Badala yake wote wawili wakakimbilia sokoni. Eritrea ikanunua MiG-29. Ethiopia ikanunua Su-27. Na muuzaji? Urusi iliunda hizi, na Urusi iliunda zile! Februari 1999 hizo Su-27 zikazitungua hizo MiG-29 angani, na hadi leo kuna watu wanaoujadili mpambano ule kama mechi ya Simba na Yanga: ipi ilikuwa na kombora bora, ipi iligeuka haraka zaidi.

Lakini shukeni chini ya ndege hizo, mkaingie kwenye mahandaki. Upande huu kijana anayezungumza Kitigrinya, upande ule kijana anayezungumza Kitigrinya. Huyu mama yake ni Mkristo wa Kanisa la Orthodox la Tewahedo, anafunga siku 55 kabla ya Pasaka, hali nyama, maziwa wala siagi. Na yule mama yake ni wa Tewahedo, anafunga siku zilezile. Akina mama wawili wanafunga mfungo mmoja, kila mmoja anamwomba Mungu yuleyule amrudishie mwanawe, na serikali mbili zinawatoza kodi ili kununua kitu cha kumuua mtoto wa mwenzake. Mbingu zisikie hayo! Mwaka 2000 watoto wa Gode, kusini-mashariki mwa Ethiopia, walikuwa wakifa kwa njaa huku vifaru vikipashwa moto kaskazini. Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipoweka marufuku ya kuwauzia silaha, ilikuwa Mei 2000: mnada ulishakwisha na wauzaji walishahesabu fedha zao.

Waliokufa wanakadiriwa kuwa kati ya 70,000 na 100,000. Kisha, tarehe 13 Aprili 2002, tume ya mpaka huko The Hague ikakunjua ramani na mikataba ya enzi za Waitalia, ikasema Badme ni ya Eritrea. Ethiopia, iliyokuwa imeshinda uwanjani, ikashindwa mezani. Eritrea, iliyoshinda mezani, haikukabidhiwa mji wake. Ethiopia ilikuja kukubali uamuzi ule kikamilifu mwaka 2018, na katika miaka hiyo yote vijana wa Eritrea walishikiliwa kwenye utumishi wa taifa usio na mwisho, au wakakimbia kupitia Sudan na Sinai. Ramani ile ingeweza kukunjuliwa kabla ya risasi ya kwanza. Gharama yake? Wino.

Najua mtakachoniuliza, hasa wazee wa Kagera. Idi Amin wa Uganda alipoingia kwetu Oktoba 1978, je, tungempigia magoti? Hapana. Askari walipomjia Yohana Mbatizaji kumuuliza wafanye nini, hakuwaambia watupe mikuki. Aliwaambia wasiwadhulumu watu na waridhike na mshahara wao. Mlinzi wa mlango simkemei. Lakini hata vita ile isitulevye. Amin alikuwa na MiG na alikuwa na Gaddafi wa Libya nyuma yake. Ndege kubwa ya Libya ilitumwa kuipiga Mwanza, mabomu yakaishia kisiwa cha Saanane kuua wanyama wa hifadhi. Orodha yake ya silaha haikumwokoa. Na sisi tulioshinda tuliambiwa tufunge mkanda miezi 18. Waliokuwepo wanajua foleni za sabuni na sukari zilidumu miaka mingapi.

Nanyi wa Goma, mashariki mwa Kongo, mnajua. Januari 2025 mji wenu ulipoangukia mikononi mwa waasi wa M23, karibu Waromania 300 wa kukodiwa, waliokuja kuimarisha upande wa Kinshasa, walivuka mpaka kuingia Rwanda, wakapanda ndege wakarudi makwao. Nyie mlivuka kwenda wapi?

Kwa hiyo ninasema na wewe kijana wa kijiweni, unayesogeza kidole kwenye simu ukitazama video za kupanga majeshi: Kenya ya ngapi, Tanzania ya ngapi, Uganda na Rwanda nani atamtoa nani jasho. Unafanya kazi ya muuzaji, tena bila kamisheni! Kila ukishangilia, unampa waziri sababu ya kununua na jirani sababu ya kuogopa. Naye jirani akiogopa atanunua. Ukiletewa orodha tena, uliza bei. Uliza nani kauza, na nani mwingine kauziwa na huyohuyo. Mbunge wako akija kuomba kura, muulize maswali hayo mbele za watu, usikubali akujibu kwa wimbo.

Nanyi wachungaji wenzangu, tubuni. Mara ngapi tumekaribishwa jukwaani siku ya gwaride, tukaomba baraka juu ya vyuma tusivyojua bei yake, tukashuka tukiona tumeheshimiwa?

Maneno yameanza tena huko kaskazini. Addis Ababa inaitaka bahari, Asmara inatazama bandari yake ya Assab, na watu wameshaanza kuhesabu droni, miaka michache tu baada ya vita ya Tigray ambayo Olusegun Obasanjo, aliyesimamia usuluhishi wake, alisema huenda iliua watu 600,000. Jumapili hii tajeni Asmara, Mekelle na Addis Ababa katika sala moja, kwa pumzi moja, na mtu akiwauliza mko upande gani, mwambieni asubiri amina.