Usimwite Aliyetoka Kitandani Juzi

Kuna tabia inayozidi kuota mizizi Kabondo-Dianda, kama ilivyoota katika miji mingine ya reli ya Haut-Lomami. Mtu ametoka hospitali, bado anashika ukuta akienda msalani, mara simu inalia: mjomba amefariki Kamina, kilio kimeanza, anangojwa. Hakuna anayeuliza kama damu imerudi. Jioni mgonjwa anafungiwa mzigo na kuketishwa stesheni, angoje treni ambayo huenda ikafika kesho, huenda ikafika keshokutwa. Wanaomsindikiza wanamsifu: ana moyo huyu! Nasaha hizi ni zao kwanza, wao na wapiga simu. Mgonjwa zamu yake itafika.

Kilio kina haki yake, na hakuna anayebishana na hilo. Ndugu huenda, huchanga, hulala chini pamoja na wafiwa. Lakini ukoo huohuo hauoni vibaya mama aliyejifungua wiki hii akibaki nyumbani. Basi aliyeongezewa damu wiki hii ana kosa gani? Mkubwa wa ukoo anapopeleka habari ya msiba kwa mtu wa namna hiyo, amalizie kwa kumwambia abaki, wengine watamzikia. Asingoje mgonjwa aombe ruhusa, kwa maana mgonjwa mwenye heshima haombi. Atajikokota mpaka stesheni.

Na lisemwe linalosemwa pembeni. Wengi hawasafiri kwa huzuni, wanasafiri kwa woga. Wanajua kwamba asiyeonekana kilioni hutafutiwa sababu, na sababu iliyo karibu ni ulozi: "mbona hakuja, alijua nini?" Maneno hayo ni uovu. Anayeyatamka mbele ya watoto na wakwe amemsukuma mwenzake ndani ya behewa kwa mikono yake, na wazee wanaoyasikia wakanyamaza hawana pa kujificha. Baba mwenye adabu huyakata palepale, hata kama msemaji ni dada yake.

Sasa mgonjwa. Kupata nafuu kunadanganya, hasa baada ya malaria kali. Mtu huchomwa sindano za artesunate, homa inashuka, anaomba bukari, nyumba nzima inafurahi. Lakini sindano zinafuatwa na vidonge vya siku 3, na hivyo vidonge ndivyo vinavyosahaulika mfukoni pindi safari inapotajwa. Tena kwa baadhi ya wagonjwa damu huanza kupungua upya kati ya wiki ya kwanza na ya nne baada ya sindano. Ndiyo maana waganga huwataka warudi kupimwa damu. Aliye njiani harudi. Kabla ya kuulizia siku ya treni, mgonjwa aulize siku ya kipimo.

Kipindupindu ni shauri jingine, na hapa ukali unahitajika. Bukama, Kinkondja na vijiji vya maziwa ya Upemba vinaujua ugonjwa huu kama mgeni anayerudi kila mwaka. Mwenye kipindupindu akipewa maji ya chumvi na sukari kwa wakati husimama upesi, pengine siku ya tatu anatembea. Vijidudu, hata hivyo, vinaweza kuendelea kutoka katika choo chake siku kadhaa, mpaka 10 hivi. Mtu huyo akipanda treni iliyojaa, anamojishikilia sehemu moja na watu mia, ameubeba ugonjwa mpaka sokoni Kamina. Mficha maradhi kifo humuumbua, walisema wahenga. Huyu kifo kitawaumbua na abiria ambao hata jina lake hawalijui.

Mwenye surua akae ndani mpaka zipite siku 4 tangu vipele vitokee.

Wa kifua kikuu asipande kabla mganga hajamruhusu, na asiondoke bila barua ya kumpokelesha kituo kingine. Dawa zake ni za miezi 6.

Aliyepasuliwa tumbo na anayetaka ndege kwenda Lubumbashi ajue kwamba hewa iliyobaki tumboni hutanuka huko juu. Kwa kawaida huambiwa angoje siku kama 10.

Kuna wanaojibu kwamba wakubwa husafiri wakiwa wagonjwa. Kweli. Mobutu alipasuliwa Lausanne Agosti 1996, akapumzika kusini mwa Ufaransa, kisha vita na siasa vikamwita: akatua Kinshasa tarehe 17 Desemba, akarudi Ufaransa Januari, akaja tena Machi. Tarehe 4 Mei 1997 alipokutana na Laurent-Désiré Kabila pale Pointe-Noire, mbele ya Mandela, hakuweza kupanda ngazi za meli Outeniqua. Iliwekwa njia ili gari limwingize ndani. Akafia Rabat tarehe 7 Septemba. Saratani ndiyo iliyomuua, si safari. Ila huyo alikuwa na ndege na waganga wake. Mwenye kukalia gunia la mahindi nyuma ya pikipiki asijilinganishe naye.

Wala mgonjwa asidanganywe na treni ya mizigo kwa kuwa imepita leo. Machi 2022, treni ya mizigo iliyotoka Luena ilianguka Buyofwe, Lualaba, ikiwa imebeba mamia ya watu waliodandia. Zaidi ya 70 walikufa. Mzima mwenyewe hujishikilia kwa shida juu ya behewa, sembuse mwenye magoti yanayotetemeka.

Ikiwa ni lazima kweli aende, labda anapelekwa kwa mganga mkubwa, asiende peke yake. Dawa zikae katika mkoba wake, si katika mzigo. Maji yawe yamechemshwa nyumbani. Kijana aliyekaa dirishani ampishe bila kuambiwa.

Wengine wote wabaki. Mchango hutangulia kwa M-Pesa au Airtel Money, na simu ya pole hupigwa kwa mjane mwenyewe, si kwa kupitia watu. Anayenung'unika kwamba pesa si machozi ajitolee basi kulipa nauli ya kumrudisha mgonjwa hospitali, na sindano, na damu, maana bili hiyo huletwa nyumbani kwa mgonjwa na haifiki kamwe kwa waliomwita.